Jinsi ya Kuikosea CD4 ya Mtoto Bila Kutoka Jasho

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu mwenye haraka. Pengine wewe ni daktari mpya uliyepangiwa kliniki ya watoto kuanzia Jumatatu. Pengine ni mtaalamu wa maabara uliyezoea damu za watu wazima, au ni mlezi uliyeshikishwa karatasi yenye namba na hukuelezwa chochote. Nia yetu ni kukufikisha kwenye jibu lisilo sahihi kwa njia ya mkato, huku ukiwa na uso wa mtu anayejua. Hutalazimika kughushi. Damu ya mtoto anayeishi na VVU ina mitego ya kutosha. Kazi yako ni kutoikwepa.

Anza kwa kutouliza umri. Kwenye fomu andika "mtoto", inatosha. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli za kinga za CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi katika mikrolita moja ya damu, na kipimo hicho karibu kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la CTC, kliniki ya VVU, anakijua kwa moyo. Kitumie kwa mtoto wa miezi minane. Usijali kwamba mtoto mchanga mwenye afya hubeba seli hizo 3,000 hivi, kwa sababu tezi yake ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, inatoa limfosaiti mpya usiku na mchana. Wala usijali kwamba idadi hiyo hushuka taratibu anavyokua, bila ugonjwa wowote, mpaka inapokaribia ya mtu mzima akiwa na miaka mitano au sita.

Mazungumzo ya namna hii yanasikika kliniki. Mama ameshika majibu mawili, yake na ya mwanawe wa mwaka mmoja na miezi miwili.

"Sista, huyu kanipita! Mimi mia tano na arobaini, yeye mia nane na kumi. Si hana shida tena?"

Muuguzi aliyeusoma mwongozo huu atampongeza na kuita anayefuata. Ambaye hakuusoma atavuta kiti. "Mama, hebu tukae kidogo. Kwangu mimi na wewe, mia nane ni nzuri. Kwa huyu wa mgongoni tunataka ivuke elfu moja."

"Elfu moja? Kadogo hivi?"

"Ndiyo kwa sababu bado ni kadogo."

Muuguzi huyo mharibifu ameona jedwali. Mwaka 1994 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliwagawa watoto katika makundi matatu ya umri. Kabla ya miezi 12, kinga huhesabiwa kuwa haijaguswa CD4 ikiwa 1,500 au zaidi, na imeporomoka ikiwa chini ya 750. Kati ya mwaka 1 na 5, mipaka ni 1,000 na 500. Kuanzia miaka 6 hadi 12, ni 500 na 200. Sasa chukua namba 700, uitembeze. Kwa mtoto wa miezi mitano ni hatari kubwa. Kwa wa miaka mitatu ni upungufu wa kati. Kwa wa miaka minane ni mzima, apewe miadi arudi nyumbani. Namba ni ile ile, watoto watatu, hatima tatu. Anayetaka kukosea hana pa kuanzia pazuri kuliko hapo: kuisoma CD4 ya mtoto kwa kipimo cha mkubwa ni kumvalisha suruali ya baba yake kisha kushangaa kwa nini amekonda.

Kosa hili lina mdogo wake, nalo huja polepole. Mtoto ameanza dawa akiwa na mwaka mmoja, anaendelea vizuri, anacheza, uzito unapanda. Umechora grafu ya CD4 yake: 1,900, halafu 1,600, halafu 1,300, halafu 1,050. Mstari unateremka miaka minne mfululizo. Mtu asiye na mwongozo atauliza wingi wa virusi uko wapi, atakuta umefubazwa muda wote, na atatambua kwamba anachokitazama ni mtoto anayekua. Wewe badilisha dawa.

Hatua inayofuata ni kuidharau asilimia. Majibu kamili ya mtoto huja na namba mbili: idadi ya CD4, na asilimia, yaani sehemu ya limfosaiti zote ambayo ni CD4. Hii ya pili mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni, mtu atadhani imewekwa kujaza karatasi. Madaktari wa watoto waliishikilia kwa miaka mingi, hasa kwa walio chini ya miaka mitano, kwa sababu haiyumbi sana umri unapobadilika. Katika mgawanyo ule wa 1994, mipaka ya asilimia 25 na 15 ilikuwa ileile kwa makundi yote matatu. Shirika la Afya Duniani, WHO, baadaye liliigawa zaidi kwa umri: upungufu mkubwa ni chini ya asilimia 25 kabla ya mwaka mmoja, chini ya 20 kati ya miezi 12 na 35, na chini ya 15 kati ya miezi 36 na 59.

Kuna hesabu pia, na hapa ningependa ukae kidogo kwa sababu ndipo penye utamu. Katika baadhi ya maabara mashine ya CD4 hutoa asilimia peke yake. Idadi hupatikana kwa kuizidisha asilimia hiyo na limfosaiti zilizohesabiwa na mashine nyingine, ile ya kupima damu nzima. Chukua mtoto wa miaka mitatu. Chembe nyeupe 6,000, limfosaiti asilimia 45 ya hizo, CD4 asilimia 20 ya limfosaiti. Piga hesabu: 540. Sasa mashine ya damu nzima, kwa tofauti ndogo tu ya usomaji, iseme limfosaiti ni asilimia 40. Piga tena: 480. Mtoto ameanguka chini ya 500, ameingia kundi la walioporomoka, na mwilini mwake hakuna kilichotikisika. Asilimia 20 imebaki 20, imenyamaza pembeni kwa herufi zake ndogo.

Anayetaka kosa la kifahari amtafute mtoto mwenye selimundu. Katika damu yake huzunguka chembe nyekundu changa ambazo bado zina kiini, na mashine isiyosahihishwa huzihesabu kama nyeupe. Chembe nyeupe zinapanda kwenye karatasi, limfosaiti zinapanda, CD4 inapanda. Utampa mzazi habari njema ambayo haipo.

Tuje kwenye sindano. Mkono wa mtoto wa mwaka mmoja ni mnene, laini, na mshipa umejificha chini ya mafuta. Mama amempakata, kamkumbatia kichwa kifuani asione. Muuguzi ameshika kiwiko kwa vidole viwili na anapapasa kwa cha tatu. Sindano nyembamba yenye mabawa inaingia, damu inaonekana kwenye mrija, inasimama, inaanza tena tone kwa tone. Mtoto analia mpaka sauti inakatika. Kila sekunde damu hiyo inatafuta kuganda, na kinachoizuia ni dawa ya EDTA iliyopakwa ndani ya chupa yenye kifuniko cha zambarau, ikiwa tu damu na dawa vitakutana. Kwa hiyo chupa inatakiwa kupinduliwa na kurudishwa taratibu, mara nane au kumi, mara tu inapopokea damu. Usifanye hivyo. Isimamishe kwenye kishikio, mbembeleze mtoto, jaza rejista, tafuta kalamu iliyochukuliwa na mwenzako. Ukirudi kutakuwa na kibonge kidogo chini ambacho hakionekani mpaka ncha ya pipeti itakapokinasa. Mtaalamu wa maabara mwenye roho ngumu ataandika "damu imeganda" na kuirudisha, na mama itabidi arudi na nauli nyingine. Tafuta mwenye roho nyepesi atakayekitoa kibonge kwa kijiti na kuendelea na kazi. Seli zilizonaswa ndani hazitamdai mtu.

Ukiamua kutumia ncha ya kidole, kamua. Kamua kwa bidii. Majimaji ya tishu yatachanganyika na damu, namba itashuka, na wewe utasema kinga imepungua.

Usafiri nao unahitaji ubunifu. Damu ya CD4 hukaa vizuri kwenye joto la kawaida la chumba, na mashine nyingi huihitaji ndani ya saa 48. Mazoea yanasema sampuli ikae kwenye friji, na mazoea ni kitu kizuri. Iweke karibu na barafu, alama za juu ya seli ziharibike kimyakimya. Kama huna friji, gari lililoegeshwa juani Tabora mchana litafanya kazi hiyo hiyo kwa upande wa pili. Na kama unaweza kuchagua siku, chukua damu Ijumaa alasiri kwenye zahanati ambayo pikipiki ya sampuli hupita Jumatatu.

Usimwulize mzazi kama mtoto anaumwa. Surua hushusha limfosaiti. Dawa za jamii ya steroidi, kama zile anazopewa mtoto aliyebanwa na kifua, hushusha CD4 kwa muda. Hata saa ya kuchukua damu ina neno lake, kwa sababu CD4 hupanda na kushuka kati ya mchana na usiku. Mtu makini angesubiri homa ipite, na angemchukua mtoto damu saa zilezile kila anapokuja. Mtu makini pia hatishwi na badiliko la asilimia 20 kati ya kipimo na kipimo, kwani hilo linatokea hata kwa aliye sawa. Wewe tishika.

Sasa tuingie chumba chenye mashine, ambako makosa huwa na sura ya kisayansi. Flosaitometa hupitisha seli mojamoja mbele ya mwanga wa leza. Kabla ya hapo damu imechanganywa na kingamwili zilizofungwa rangi zinazong'aa. Kila kingamwili hushika alama moja tu juu ya seli, na mashine husoma rangi. Ujuzi wa kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi ulitoka Cambridge mwaka 1975, kwa Georges Köhler na César Milstein, nao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne. Baada ya hapo kila maabara ilizipa alama majina yake, na alama hii ya CD4 ikawa T4 huku, Leu-3 kule, OKT4 kwingine, mpaka wataalamu walipoanza kukutana, mkutano wa kwanza ukiwa Paris mwaka 1982, wakakubaliana kutumia CD na namba. Namba ni za foleni. CD8 haina ukubwa mara mbili ya CD4, ingawa nimeona watu wakieleza hivyo kwa kujiamini.

Kosa bora zaidi la chumba hiki ni kuhesabu kila kinachong'aa rangi ya CD4. Monosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine, nazo zina CD4 juu yake, kwa mwanga hafifu. Ndiyo maana mtaalamu kwanza hutafuta limfosaiti kwa alama ya CD45 na kwa jinsi seli inavyotawanya mwanga, kisha hutaka seli iwe na CD3 na CD4 kwa pamoja, ndipo aihesabu. Kwenye skrini hayo ni mawingu ya vidoti: wingu la limfosaiti limejikusanya kona moja, monosaiti ziko jirani, granulosaiti zimetawanyika mbali. Kazi ni kuchora mpaka kuzunguka wingu la kwanza. Kwa damu nzuri ya mtu mzima mpaka huo unajichora wenyewe. Kwa damu ya mtoto mgonjwa iliyolala siku mbili, mawingu yanaingiliana, na uchafu wa chembe nyekundu ambazo hazikupasuka unatia ukungu chini. Hapo sogeza mpaka kidogo kulia, kidogo kushoto, mpaka namba ikupendeze.

Epuka pia ukaguzi wa kujumlisha. Limfosaiti ni za aina tatu kubwa: seli T zenye CD3, seli B zenye CD19, na seli NK zenye CD16 na CD56. Asilimia zake zikijumlishwa zinapaswa kukaribia 100, tuseme kati ya 95 na 105. Ukipata 83, mpaka wako umemeza kisicho limfosaiti, au rangi moja haikushika. Ukaguzi huu hauhitaji mashine ya ziada, ni kujumlisha kwa kalamu, na ndiyo sababu unaachwa.

Kwa mashine zinazohesabu kwa kutumia shanga ndogo za plastiki ambazo idadi yake inajulikana, kila kitu kinategemea pipeti. Kiasi cha damu ni mikrolita 50. Ukipungukiwa 5, umepungukiwa asilimia kumi ya seli za mtoto. Damu ikibaki nje ya ncha na kupakaa ukingo wa mrija, haitakutana na rangi wala na dawa ya kupasua chembe nyekundu. Kufuta ncha huchukua sekunde moja. Sekunde hiyo okoa.

Nje ya maabara kubwa utakutana na vyombo vidogo, na huko nitakupitisha haraka. PIMA husoma tone la kidoleni kwa dakika kama 20 na hutoa idadi bila asilimia. Kwa hiyo itumie kwa mtoto wa miaka miwili, kwa sababu tumeshakubaliana asilimia haina maana. Kipimo cha ukanda kinachoonyesha tu kama CD4 iko juu au chini ya 200 kilikusudiwa wenye miaka mitano na kuendelea. Mpime wa miezi kumi, uone "juu ya 200", umrudishe nyumbani.

Kuna msomaji anayeiona CD4 peke yake kuwa ni kidogo mno. Huyo aagize kila alama. CD38 na HLA-DR juu ya seli za CD8, aina nyingine ya seli T, huonyesha kinga iliyochokozwa muda mrefu, nazo kwa watoto wenye VVU wasiotibiwa hupanda sana. PD-1 huelekeza kwenye seli zilizochoka. CD45RA pamoja na CCR7 hutambulisha seli changa ambazo bado hazijakutana na adui, na hapo watoto wana bahati yao: thaimasi yao ikiwa bado hai, wakianza dawa hujaza upya seli hizi vizuri kuliko wakubwa. Uwiano wa CD4 kwa CD8 nao una habari, kwa sababu CD4 inaweza kurudi juu huku CD8 ikibaki imevimba. Yote haya ni ya kweli na ni chakula cha watafiti. Hakuna mwongozo wa kliniki unaomwambia daktari wa wilaya abadilishe dawa kwa sababu ya CD38. Lakini karatasi yenye safu kumi na mbili humnyamazisha mzazi, na rangi nyingi zikiwekwa pamoja bila kusahihishwa zinavuja moja ndani ya nyingine, ukapata seli zenye alama ambazo hazijawahi kuwa nazo.

Nimeacha kosa kubwa mpaka hapa kwa sababu lilikuwa halali, limeandikwa na kupigwa mhuri. Ni kuitumia CD4 nzuri ya mtoto mchanga kama ruhusa ya kusubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 miongozo ilisema mtoto asiyeumwa na mwenye CD4 ya kutosha anaweza kungoja dawa. Watafiti wa jaribio la CHER, huko Soweto na Cape Town, waliwachukua watoto wenye VVU wa wiki 6 hadi 12, wote wakiwa na CD4 ya asilimia 25 au zaidi. Wengine walianza dawa mara moja, wengine walingoja CD4 ishuke au dalili zitokee. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya 125 waliongoja, 20 walikufa. Kati ya 252 walioanza mapema, 10. Ukigeuza kuwa asilimia ni 16 dhidi ya 4, na wengi hawakuwa wametimiza hata mwaka.

Ukweli ni kwamba ishara za onyo zilikuwepo. Uchambuzi wa tafiti za Afrika uliochapishwa mwaka 2004 ulikuwa umeonyesha kwamba bila dawa karibu nusu ya watoto wenye VVU hufa kabla ya miaka miwili. Nimonia ya *Pneumocystis*, inayopenda watoto wa miezi mitatu hadi sita, ilishajulikana kumkamata mtoto mwenye CD4 inayozidi 1,500. Ndiyo sababu kila mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huanzishiwa dawa ya kinga ya Septrin kati ya wiki ya nne na ya sita bila kusubiri CD4 ya mtu. Seli za mtoto mchanga ni nyingi, lakini nyingi ni ngeni, na virusi kwake huongezeka mno. Wingi wa seli hizo haukuwahi kuwa na maana ile tuliyoipa. WHO ilibadilisha mwaka uleule wa 2008: kila mwenye chini ya mwaka mmoja aanze. Mwaka 2010 ikawa chini ya miaka miwili, 2013 chini ya mitano, na 2015 kila mtu, awe na CD4 yoyote.

Aliyekosea upande mmoja bado ana nafasi ya kukosea upande wa pili. Sema sasa CD4 imekwisha kazi, mashine ifunikwe kitambaa. Una hoja: tangu 2013 WHO inapendekeza wingi wa virusi uwe kipimo kikuu cha kufuatilia matibabu, na hilo ni sawa kabisa. Unao pia utafiti wa ARROW uliofanyika Uganda na Zimbabwe kwa watoto 1,206. Kwa nusu yao madaktari walipewa majibu ya CD4 mara kwa mara, nusu nyingine walifuatiliwa kwa kuchunguzwa kliniki bila CD4 kurudishwa kwa daktari, na walioishi walikaribiana pande zote mbili. Liseme hilo kwa sauti. Usiseme kwamba fundisho lake lilikuwa kutomnyima mtoto dawa eti kwa sababu zahanati haina mashine.

Usimwambie mtu pia kuhusu mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyeacha dawa tangu bibi yake alipofariki, akaletwa na mjomba amekonda na ana kikohozi. Wingi wake wa virusi utasema dawa hazimezwi, jambo ambalo mjomba ameshalisema. CD4 ndiyo itakayosema yuko karibu kiasi gani na ukingo: tangu 2017 WHO husema ugonjwa wa VVU umekomaa ikiwa CD4 iko chini ya 200 kwa mwenye miaka mitano na zaidi, au akiwa hatua ya tatu au ya nne ya ugonjwa, na kuanzia hapo anatafutiwa kifua kikuu kwa kipimo cha mkojo, na kwa umri wake anapimwa fangasi wa kriptokoka kwenye damu kabla hawajafika kwenye ubongo. Kwa walio chini ya miaka mitano WHO haikuingoja CD4: kila anayeletwa kuanza matibabu huchukuliwa kuwa ugonjwa umeshakomaa, awe na namba nzuri kiasi gani. Mashine zikichakaa na vitendanishi vikiisha kwa sababu kila mtu amesikia kwamba CD4 ni ya zamani, mtoto yule wa mjomba atatibiwa kwa kukisia.

Limebaki jambo la majibu kurudi. Yatafika, tena yakiwa sahihi, licha ya juhudi zako zote. Kuna mtu aliipindua chupa, aliikinga na jua, aliandika umri kwa miezi, alifuta ncha ya pipeti na kujumlisha safu zake mpaka zikafika 99. CD4 asilimia 13, idadi 410, miaka mitatu na miezi miwili. Usiyapeleke kwenye faili. Yaweke ndani ya rejista ya mwezi uliopita, na bibi wa mtoto akija kuuliza, mwamkie vizuri, "Shikamoo bibi," mwambie maabara bado hawajaleta, arudi tarehe ya kuchukua dawa. Yeye atakushukuru na kwenda kusubiri daladala. Majibu yalifika Jumanne.